Mkono wa Teodora

Msumeno ulichelewa kusimama. Kidogo tu, chini ya kupepesa jicho, lakini Prudencia aliona.

Ndiye aliyeandika programu ya ule msumeno wa kukatia sangara waliogandishwa, katika kiwanda kimoja cha Igogo. Kila mara saa ya ndani ya mtambo iiamshe programu ikague meno; ikiona mkono umekaribia, msumeno usimame papo hapo. Tangu asubuhi alikuwa akipima muda kati ya saa kuita na programu kuamka, huku wakataji wakisogeza fimbo iliyovishwa glavu. Kwa wengine wote programu iliamka kwa wakati. Ilichelewa fimbo iliposhikwa na Teodora.

"Rudia, dada," Prudencia alimwambia.

Ikachelewa zaidi. Prudencia akaondoa kazi nyingine zote kwenye mtambo, akaipa programu yake nafasi ya kwanza; bado kwenye kioo cha kompyuta pengo la muda lilibaki, kana kwamba kuna mwingine anayetangulizwa mbele yake. Harufu ya tope la ziwani ikajaa chumbani.

"Unaisikia hiyo harufu?"

"Kila siku," Teodora alinong'ona. "Yuko nyuma yangu. Mtumbwi wetu ulipozama tukitoka Ukerewe, nilisema yeyote atakayenitoa, mkono huu ni wake. Kuna kitu kikanishika, kikanitoa."

Kabla Prudencia hajajibu, fimbo ilianguka, na mkono mtupu wa Teodora ukaanza kuelekea kwenye meno, polepole, mwenyewe akiuvuta nyuma kwa mkono wa pili na kulia bila sauti, msumeno unazunguka, programu imelala, na lile pengo kwenye kioo linarefuka na kurefuka, mpaka Prudencia akamkumbatia kiunoni, wakaanguka wote sakafuni, naye akachomoa waya wa umeme kwa teke.

Jioni mganga Mayala aliitwa kutoka Mkuyuni. Alimfunika Teodora blanketi, akamfukiza dawa, hadi sauti nzito ya kiume ikatoka humo ndani.

"Mkono ni wangu."

"Chukua mbuzi," Mayala alisema. "Huyu mwache."

"Nimemwacha. Nachukua mkono wa aliyeninyang'anya. Kokugonza, unanisikia?"

Mayala aliwatazama waliokuwepo, Prudencia miongoni mwao. "Kokugonza ni nani?"

Pale kiwandani walimjua kwa jina la Prudencia tu. Hilo lingine alipewa na bibi yake huko Bukoba, na bibi alishazikwa nalo.

Prudencia alijaribu kuficha mikono yake mgongoni. Wa kulia haukumtii.