Samaki Niliyemlilia Nimemkuta Kwenye Picha ya Bibi Harusi

Jamani, nilikuwa kazini nasafisha picha za harusi, nikamwona marehemu wangu nyuma ya sikio la bibi harusi!

Marehemu yuko hai!

Anaogelea!

Kabla hamjasema nimerukwa na akili, nisikilizeni. Mimi nafanya kazi studio ya picha. Wapiga picha wanaleta kazi zao, mimi nakaa kwenye kompyuta naondoa chunusi, naongeza mwanga, nafuta watu wasiotakiwa. Siku hiyo bosi akanipa picha za bibi harusi akipambwa saluni.

"Huko nyuma kuna vurugu nyingi," bosi akasema. "Fifisha, abaki bibi harusi peke yake."

Nikaikuza picha nione cha kufifisha. Nyuma kulikuwa na tangi la samaki. Tena la maji ya chumvi, lenye matumbawe, kama langu la nyumbani. Nikafurahi kidogo, si mnajua mtu akiona mwenzake wa ugonjwa mmoja. Nikaikuza zaidi...

Samaki mdogo wa rangi ya chungwa. Mikanda mitatu myeupe. Mkanda wa katikati umekatika, haufiki tumboni.

Nusu!

Jina hilo nilimpa mwenyewe kwa sababu ya mkanda wake. Nusu wangu, niliyeambiwa amekufa, niliyemlilia mpaka nikaenda kazini na macho yamevimba!

Pembeni yake tumbawe la kijani lenye vidole, kidole kimoja kimemeguka. Kilimeguka mkononi mwangu siku nalibandika kwenye jiwe. Nalo niliambiwa limeoza, limetupwa!

"Mbona umesimama ghafla?" bosi akauliza.

"Bosi, hii saluni iko wapi?"

"Si ile mpya, ghorofa ya chini, karibu na benki."

"Naomba ruhusa."

"Una nini?"

"Nina msiba uliofufuka!"

Sasa ngojeni niwaeleze nilikotoka, maana bila hivyo mtaona nimepagawa bure.

Tangi lile nililianzisha mimi. Anayedhani ni kumwaga maji na kutia chumvi, ajaribu aone. Unapanga mawe na mchanga, unachanganya chumvi ya baharini kwa kipimo, unawasha pampu... halafu unakaa wiki baada ya wiki unatazama tangi tupu! Unasubiri wadudu wadogo wasioonekana wazaliane kwenye mawe, wale wanaokula uchafu wa samaki. Ukiwa na haraka ukatia samaki mapema, unaua.

Wageni walikuwa wakija wananicheka.

"Mwenzetu umefuga mawe?"

Nikavumilia. Nikatia konokono. Wakaishi. Nikatia samaki, kisha kamba mwenye mistari myekundu, kisha matumbawe, moja moja. Lilikaa sebuleni, kwenye ule ukuta mkubwa unaotazamana na makochi. Nikitoka kazini nimechoka, navuta kiti, nawatazama. Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yangu, sina nyingine.

Mume wangu mtaani wanamwita Mpole. Hapandishi sauti, hagombani na mtu, akiongea unadhani anabembeleza mtoto. Mimi natoka nyumbani asubuhi, yeye anaingia kazini mchana. Kwa hiyo asubuhi nzima yuko peke yake na tangi langu. Shikeni hapo!

Basi mwaka huu viumbe wangu wakaanza kufa.

Narudi jioni, napiga simu kumwambia nimefika, ananijibu kwa ile sauti yake...

"Mke wangu, kaa chini kwanza."

"Kuna nini?"

"Yule kamba wako... ndiyo hivyo tena."

"Umemweka wapi nimwone?"

"Nimeshamtoa. Sikutaka uumie."

Nikajiona nina mume, wengine wana waume wa jina tu! Wiki nyingine tumbawe. Mara samaki. Na kila mara ameshaondoa, ameshasafisha, ananipa pole. Mimi napima maji: chumvi iko sawa. Joto liko sawa. Napima tena mpaka usiku... kila kitu kiko sawa, na viumbe wangu wanakwisha!

Siku ya Nusu alinikumbatia. Akaniambia polepole, mdomo uko kwenye nywele zangu:

"Labda siyo maji, mke wangu. Labda ni mkono wako. Kuna watu hawajajaliwa mkono wa kufuga. Siyo kosa lako."

Mkono wangu!

Na mimi mjinga nikaamini. Miezi kadhaa baadaye nikaweka tangazo mtandaoni: nauza tangi, pampu, taa na kila kilichobaki.

Haya, turudi kwenye siku yenyewe.

Njiani kuelekea saluni nilikuwa na wazo moja tu kichwani: mchepuko! Mpole ana mwanamke, anampamba kwa matumbawe yangu! Matusi nilishayapanga kwa foleni, nilibakiza kuchagua la kuanzia.

Nikasukuma mlango wa kioo. Nikaangalia nyuma ya kaunta...

Wifi yangu!

Dada yake Mpole, baba mmoja mama mmoja!

Tulikuwa hatujaonana muda mrefu. Mpole alishaniambia dada yake ananisema vibaya, eti nimemteka kaka yake, eti nisikanyage kwake. Nikajikalia zangu.

Wifi akasimama, mikono kiunoni.

"Heee! Leo ndiyo umeikumbuka njia? Nafungua saluni, kadi yako nimempa mumeo mkononi, hukuja wala hukupiga simu!"

"Kadi gani?"

"Usinichezee akili!"

"Wifi, wewe si ndiye uliyesema nisikanyage kwako?"

"Mimi? Nilimwambia nani?"

Tukatazamana.

Wateja wamekaa na rola zao kichwani, kimya, hata hawajisumbui kujifanya wanaangalia simu.

Nikanyoosha kidole kwenye tangi.

"Huyo samaki umempata wapi?"

"Si umenipa wewe?"

"Mimi?!"

"Kaka alisema umeshachoka nao, unaniletea kidogo kidogo wapendezeshe saluni. Nikataka kukupigia nikushukuru, akasema niache, utaona nakusimanga."

Nilifungua mdomo nianze kutukana. Lakini macho yakalitazama tangi vizuri, matusi yakakwama. Matumbawe yamejikunyata. Rangi zimepauka. Nusu yuko juu karibu na uso wa maji, anahema haraka haraka.

"Wifi, maji yakipungua unajazia nini?"

"Maji ya chumvi. Hawa si wa baharini? Kaka ndiye alinifundisha."

"Mungu wangu!"

Ndugu zangu, maji yakipaa kwa joto, chumvi haipai! Inabaki palepale. Unachojazia ni maji yaliyochujwa, yasiyo na chumvi. Ukijazia ya chumvi kila siku, unawakausha wakiwa ndani ya maji! Na Mpole kanitazama miaka yote nikijazia maji yasiyo na chumvi kila asubuhi. Hakuwahi kutazama ninachojazia hata siku moja, kumbe alikuwa ananiangalia tu mgongo!

Msusi mmoja akanyanyua kopo la dawa ya nywele, anapuliza kichwa cha mteja jirani kabisa na tangi.

"Wewe! Peleka hiyo dawa huko!"

Akaruka kama ameungua.

Nikakunja mkono wa blauzi ili nianze kupunguza yale maji makali. Vidole vikafika kwenye maji... nikavirudisha.

"Chota wewe," nikamwambia wifi.

"Mimi? Nisije nikakosea tena. Fanya wewe unayejua."

"Chota wewe! Toa jagi moja, tia jagi moja la maji yasiyo na chumvi. Basi, usizidishe. Tutarudia kesho na keshokutwa, ukishusha chumvi kwa ghafla watakufa kwa mshtuko."

Akachota, ananitazama usoni. Wifi yangu ana mdomo lakini mjinga siyo. Alipomaliza akafuta mikono, akachukua simu.

"Nyamaza. Usiseme neno."

Akampigia kaka yake, akaweka sauti ya nje.

"Kaka! Lile tumbawe kubwa la zambarau utaniletea lini?"

"Vuta subira, dada yangu. Jumamosi akitoka nalileta. Hilo likiondoka amekwisha, tangazo la kuuza tangi ameshaliweka."

"Ah! Ameamua kuuza?"

Mpole akacheka. Jamani, alicheka!

"Nimemwambia ana mkono mbaya, akaamini! Likiuzwa tu, ule ukuta ni wangu. Skrini nimeshainunua, iko stoo kazini. Kubwa hiyo! Mechi nitaangalia kama niko uwanjani."

Skrini!

Nililizwa kwa sababu ya televisheni!

Mteja mmoja akasema kwa sauti, "Shetani mtupu huyu!" Mwenzake akamfinya.

Wifi sauti ilishabadilika. "Kwa nini hukumwomba huo ukuta?"

"Angekataa, tugombane bure. Hivi anaondoa mwenyewe kwa hiari yake. Nyumba inabaki na amani."

Nikasogea kwenye simu.

"Mpole."

Kicheko kikakatika.

"Mke wangu? Uko... umefikaje hapo?"

Wifi akamkatia simu. Kisha akakaa chini, akaanza kulia kwa hasira, kaka yake wa damu kamfanya stoo ya vitu vya wizi na yeye anashukuru!

Sitawachosha na yaliyotokea nyumbani jioni ile. Kikaitishwa kikao kwa baba mdogo wa Mpole. Mimi nikaenda na mdogo wangu, amembeba mtoto wake wa miezi michache. Mpole akapiga magoti mbele ya watu, sauti ileile ya asali.

"Nisamehe, mke wangu. Lakini hakuna aliyekufa! Wote wako hai, nitakurudishia mmoja mmoja. Ni samaki tu..."

Baba mdogo akakohoa.

"Mwanangu, kakosea, hilo tumeliona. Ila ndoa haiwezi kuvunjika kwa sababu ya samaki. Watu watatucheka."

Wengine wakatikisa vichwa, kweli, kweli.

Ndipo mdogo wangu akaongea.

"Dada, naomba nikuulize hapahapa mbele yao. Kwa nini hujawahi kumpakata mwanangu?"

Akamweka mtoto vizuri begani.

"Tangu nijifungue. Hospitali ulisimama mlangoni ukageuka. Nyumbani unaleta nguo, unaziweka juu ya meza unaondoka. Nikikupa mtoto unasema una mafua. Nimeumia, dada. Nilidhani humtaki."

Nikamgeukia Mpole.

"Mwambie."

Akainamisha kichwa.

"Mwambie shemeji yako kwa nini sijamshika mwanawe! Wewe unajua! Nilikuambia usiku ule ule niliotoka kumwona mtoto hospitali, nikakuuliza, hivi huu mkono ukigusa mtoto je? Ulinijibu nini?"

Nikajibu mimi.

"Alinijibu, 'Ungoje kwanza akomae kidogo.'"

Baba mdogo akavua miwani.

Mtu alijua samaki wako saluni wanaogelea! Alijua mkono wangu hauna kitu! Na bado akaniacha nikimwogopa mtoto wa mdogo wangu, ili mradi tangi liuzwe, mechi zionekane vizuri!

Mdogo wangu akainuka, akaja. Akanilazia mwanawe mapajani.

Mzito! Sikutegemea atakuwa mzito vile. Akanitazama, akapiga chafya, akaendelea na usingizi wake. Mlidhani nililia kwa furaha? Hasira ndiyo ilinipanda upya! Kwa sababu alikuwa ameshakua. Ule uchanga wote, ule wa kulala kwenye kiganja, umepita, sikuwepo, na nilikuwa naishi mtaa wa pili.

"Samaki utanirudishia kwa ndoo," nikamwambia Mpole. "Uchanga wa huyu utaurudisha na ndoo gani?"

Baba mdogo hakutaja tena habari ya samaki.

Nimehama. Wifi ndiye alinisaidia kubeba tangi, tena anamtukana kaka yake ngazi nzima. Mkibisha muulizeni mama mwenye nyumba wangu, alitoka akidhani tunapigana. Matumbawe yangu yanafunguka taratibu, nayahudumia kwa mikono yangu, bila glavu.

Wale mnaokuja kuniandikia "rudi dada, mwanaume hajachepuka, hajakupiga," andikeni, nitasoma. Lakini nisikieni na mimi. Mwizi wa kawaida anachukua kitu chako anakimbia, unabaki unajua umeibiwa. Huyu anachukua, halafu anarudi kukupa pole na kukuambia umekipoteza mwenyewe. Ukiona kila unachoshika kinaharibika, na pembeni yuko mtu mwenye pole tayari kila siku, kabla hujaichukia mikono yako muulize yeye ya kwake ilikuwa wapi asubuhi.

Mpole, najua unasoma. Ukuta huo hapo. Skrini itundike upendavyo.

Mimi leo jioni sina nafasi. Mdogo wangu anatoka, na mtoto kaachiwa mimi.