Nimenawa Mikono

Placida Uwiduhaye alishuka stendi ya Kayanga siku ya soko, amekumbatia madaftari arobaini ya kidato cha pili, gauni lake la kitenge cha bluu limejaa vumbi la njia ya Songambele. Kamba ikakatika, madaftari yakamwagika. Mwanamume mrefu mwenye kofia ya pama na mabuti ya mpira akaacha madumu yake ya maziwa, akainama kuyaokota. Moja lilikuwa wazi, akalisoma.

"Mwalimu, huyu mtoto kaandika mjomba wake ameaga dunia. Ameiaga anakwenda wapi?"

Placida alicheka mpaka akakaa juu ya dumu. Yule mwanamume akajitambulisha kuwa Tumwine, mfugaji wa Kiruruma. Nyumbani walizungumza Kinyambo, na Kiswahili cha darasani alikiachia la saba. Placida akamweleza nahau ni nini: maneno yanataja hiki, yakimaanisha kile. Tumwine aliona huko ni kujisumbua, lakini namba ya simu akaiomba.

Wakapendana. Tumwine alikuwa mpole na mkweli, ila meseji zake zilikuwa kavu: "Ng'ombe wamekunywa. Umekula?" Placida akamtania kwamba anaandika kama anayeripoti kwa bwana mifugo, naye siku moja amwandikie maneno yenye picha.

Siku tatu Tumwine hakuandika kitu. Ya nne ikaingia meseji: "Placida, nimefikiria sana. Kwako wewe nimenawa mikono."

Aliisoma mara nne. Nahau hiyo alikuwa ameifundisha wiki iliyopita: kunawa mikono ni kujitoa katika jambo, lisikuhusu tena. Akazima simu, akamaliza vipindi viwili bila kukosea, kisha akaingia stoo ya vitabu akalia. Siku tisa hakupokea simu ya Tumwine.

Jumamosi asubuhi Tumwine akaja mpaka nyumba za walimu, shati jeupe limepigwa pasi, kofia mkononi. Alikuwa amekonda. Placida akasimama mlangoni, hakumkaribisha.

"Umeshanawa mikono. Sasa umefuata nini?"

Tumwine hakuelewa. Akaeleza taratibu kwamba alimuwaza mtu aliyekaribishwa chakula: akishanawa anakaa, hana safari nyingine.

"Nilisema niko tayari, mpenzi. Si ulitaka picha?"

Placida akashika fremu ya mlango. Alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Kila siku aliwaambia wanafunzi waangalie anayesema ni nani kabla ya kuamua neno lina maana gani. Yeye hakuangalia, wala hakuuliza.

"Niambie bila picha," akasema.

"Nataka nikuoe. Nyumba ina vyumba viwili, kimoja bado hakina sakafu. Baba amekubali kwenda Songambele kwa wazee wako, ukitaka."

Placida akajifuta uso kwa kiganja.

"Basi umepata jiko."

Safari hii Tumwine alifikiri kwanza.

"La kupikia, au mke?"

"Mke," akasema Placida, akampisha mlangoni aingie.