Chupa ya Harusi ya Aubin

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni karibu na jiko. Wewe unayevunja kokwa za jozi, weka nyundo chini. Na wewe uliye mlangoni, ama ingia ama toka, usiniachie baridi. Sasa kimya. Nyumba zetu hizi zimekalia mapango ya chokaa, pango juu ya pango, na neno hili halitajwi kwa sauti kubwa juu ya pango.

Lilianza kwa jambo dogo. Honorine, mke wa Firmin mkulima wa zabibu, alishuka pangoni asubuhi moja kuchukua viazi, akaiona chupa ya mwanawe imegeuka.

Huku kwetu mtoto akizaliwa, baba humtengea chupa moja ya shampeni ya mavuno ya mwaka ule. Huilaza pangoni na machicha yake ya hamira ndani, haina karatasi wala jina, ila herufi moja ya chaki kwenye kitako. Hapo italala mpaka siku ya harusi ya mwenyewe. Akifa kabla ya harusi, hunywewa siku ya mazishi na wote wa damu yake, isibaki kitu, na tone la mwisho humwagwa kwenye shina la mzabibu. Firmin alikuwa na chupa mbili kwenye kishubaka cha ukutani: A ya Aubin, S ya dada yake Solange.

Aubin alikwenda kwenye vile vita vikubwa asirudi. Halikuja jeneza, halikuja hata fupa. Ilikuja barua tu, kwamba hajulikani alipo. Vita vikaisha, miaka miwili ikapita, na mume na mke wakawa na ugomvi mmoja tu nyumbani.

"Tuinywe, mke wangu. Tumpumzishe mtoto."

"Unamzika mtu hujaiona maiti yake?"

"Miaka mitatu hii hajaandika, Honorine."

"Mume wa jirani yetu Clotilde alikaa miaka mingapi vitani? Alirudi ndevu mpaka kitovuni, Clotilde akamfukuza na ufagio akidhani mwombaji. Wewe una haraka ya nini? Una kiu?"

Firmin akachukua kofia yake, akarudi kwenye chupa zake. Mwanamke akikuuliza kama una kiu ya chupa ya mwanao, utamjibu nini?

Basi asubuhi ile herufi A, ambayo miaka yote ilisimama wima, ilikuwa imeinama ubavu. Honorine akamfuata mumewe kwenye vichanja anakogeuza chupa zake, kila siku kidogo, kama kazi hiyo inavyotaka.

"Umeigusa ya Aubin?"

"Mimi? Nina chupa elfu tatu za kugeuza kila siku, nikaongeze na ile isiyotaka kugeuzwa?"

Kesho yake A imesimama kichwa chini. Keshokutwa imesimama tena. Imemaliza mzunguko.

Ikafuata harufu. Kwanza hamira, kama mkate unaoumuka, harufu nzuri. Kisha chini ya hamira udongo uliolowa, na chini ya udongo baruti na koti la sufu lililooza. Ikafuata sauti: tk, tk, kioo juu ya chokaa, mchana kweupe, Honorine akimenya karoti na kijiko kikitetemeka peke yake mezani. Siku ya nne akashuka na mshumaa, jua nje likiwa utosini, lakini pangoni hakuna saa, huko ni giza lile lile. Akapiga magoti mbele ya kishubaka, na mwali wa mshumaa ukainamia chupa kana kwamba kuna mtu ndani yake anavuta pumzi, anavuta tu, haishushi.

"Mama kuku," chupa ikasema. "Usiwaache waninywe."

Mama kuku! Hivyo ndivyo Aubin alivyokuwa akimtania, kwa vile alivyomwatamia. Hakuna mwingine aliyelijua jina lile. Na sikilizeni ubaya wake, wajukuu zangu: Honorine hakuogopa. Alifurahi.

"Uko wapi, mwanangu?"

"Niweke tu. Nakuja."

Aliyeogopa ni Solange. Alikuwa ameposwa na Ludovic, fundi wa mapipa, na nguo ya harusi imekwisha kukatwa. Msichana akaanza kuamka na chaki kwenye kucha, midomo myeupe, mikono baridi kama kioo. Chakula hakimshuki.

"Mama," alinong'ona, "kuna mtu ananijaribu usiku. Ananivaa mkono, anauvua. Kama glavu."

Firmin akamwita Eulalie, bibi anayepoza majeraha ya moto kwa kupuliza na kusoma sala. Akashuka ngazi tatu, akarudi mbio akikanyaga sketi yake.

"Huyo si mwanenu," alisema, na sauti aliishusha mpaka ikabidi wamwinamie. "Mwanenu yuko chini ya udongo huko kaskazini, amelala, hana habari nanyi. Chupa isiyo na mwenyewe hupata mpangaji. Na mpangaji akichoka na kioo, hutafuta nyumba ya nyama."

"Tufanyeje?"

"Inyweni Jumapili, mchana. Mama kwanza, dada, ndugu, baba wa mwisho. Isibaki."

"Na ikibaki?" Honorine akauliza.

"Basi msiniite tena."

Jumamosi Honorine akashuka kuaga. Akakuta sauti si ya mtu mzima tena. Ni ya kitoto kichanga, kile kilio cha Aubin cha wiki ya kwanza, na maziwa yakamshuka kifuani mwanamke wa miaka hamsini na mitano, yakalowesha blauzi. Mngefanya nini nyinyi? Akatazama chupa mbili, sawa kwa kimo, sawa kwa vumbi. Ile ya Solange ni divai tu, alijiambia. Solange yuko hai, na aliye hai hakosi chupa nyingine. Akafuta A kwa pindo la aproni. Akafuta S. Akachukua chaki, akaandika upya, kila herufi mahali pa mwenzake.

Jumapili meza ikawekwa uani. Walikuwapo Firmin, mkewe, Solange, Évrard mtoto wa kaka yake Firmin, na Eulalie wa kusimamia. Firmin akainamisha chupa, akaing'oa kizibo, machicha yakaruka nje kwa kishindo, akaiziba kwa kidole gumba na kumimina.

"Kwa Aubin," wakasema.

Honorine akanywa. Solange akanywa glasi nzima, akapangusa mdomo, akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu.

"Mbona chachu hivi? Kaka alikuwa mtamu kuliko hii."

Évrard akacheka, akanywa ya kwake. Matone ya mwisho chupani wakayamwaga kwenye shina la mzabibu. Ndipo Firmin, wa mwisho kama desturi, akatia glasi yake mdomoni, na hakumeza. Alikaa nayo ulimini, macho yakimtoka polepole, kwa sababu Firmin aliijua miaka kama mama anavyozijua sauti za watoto wake wakiita gizani, mwaka wa mvua, mwaka wa mvua ya mawe, na mwaka aliozaliwa Aubin jua lilichoma mpaka zabibu zikawa asali shambani, lakini hii iliyokuwa ulimini mwake ilikuwa na ukali wa sakitu, mwaka ule baridi ilipoua nusu ya machipukizi na mkunga akaja akitembea juu ya barafu.

Akameza.

"Honorine. Umetunywesha nani?"

Honorine akaanza kukusanya glasi. Eulalie akajifunga shali yake, akasimama.

"Mmeita jina moja, mkamzika mwingine," akasema, akaenda zake.

Firmin akateremka na nyundo. Akaiona chupa iliyobaki, akainua mkono.

"Baba," ikasema chupa, kwa sauti ya Solange. "Baba, usinivunje. Ni mimi."

Akapanda ngazi mbio. Uani Solange amekaa palepale, mdomo wazi, anajitahidi kusema na sauti haitoki, bali harufu ya hamira tu. Firmin akaiacha nyundo ianguke. Kuivunja hakuthubutu, kuinywa hakuthubutu. Nani angethubutu?

Siku ya tisa walimzika Solange kwa nguo ile ya harusi. Ludovic alioa mwaka uliofuata, kijiji kingine.

Firmin alikufa msimu wa mavuno, kikapu mgongoni. Honorine aliishi miaka kumi na mmoja zaidi, na kila mchana alishusha kiti chake pangoni.

Alipokufa, mizabibu ya mteremkoni aliirithi Évrard. Clotilde alipata kitanda na sufuria za shaba. Nyumba na pango vilikwenda kwa Régine, mke kijana wa Évrard, kwa vile ndiye aliyemuuguza Honorine. Chupa haikuandikwa kwa mtu. Wiki ile ya kwanza Régine alishuka kupima ukuta, akasikia chupani sauti tatu, ya kijana, ya msichana na ya bibi kizee, zikigombania nani aseme kwanza. Kisha zikakubaliana, zikamwita kwa pamoja mtoto aliyekuwa bado tumboni mwake, kwa jina ambalo yeye na Évrard walikuwa hawajamwambia mtu.