Nani Aliutunga Mchezo?

Kila asubuhi kabla ya kengele, Chiriku na Mpole walifagia darasa la sita. Chiriku alipewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mpole alipewa lake kwa sababu alikuwa na kigugumizi, na kwa kuwa wenzake walikuwa wepisi wa kumcheka, aliona afadhali anyamaze. Ila alipoimba, maneno yalimtoka laini bila kukwama. Basi Chiriku alipiga soga, Mpole akaimba, na vumbi likatoka.

Wiki hiyo mwalimu wa lugha alikuwa ametangaza mchezo wa siku ya wazazi. "Sitaki hadithi za kale zilezile," alisema. "Chukueni moja muigeuze. Itakayonipendeza tutaiigiza, na aliyeitunga ndiye atakayeongoza mchezo."

Asubuhi moja Mpole aliimba hadithi yake. Ilikuwa ile ya zimwi aliyemfungia msichana ndani ya ngoma, akawa anamzungusha vijijini na kumlazimisha aimbe. Katika hadithi ya kale, wazazi waliitambua sauti ya binti yao wakamwokoa. Katika hadithi ya Mpole, kijiji kizima kiliitambua sauti ile, lakini ngoma ilikuwa tamu, kwa hiyo watu wakaendelea kucheza.

Chiriku alisimama na ufagio mkononi, mwili ukamsisimka.

"Mwa-mwambie mwalimu," Mpole aliomba. "Mimi nita-nitakwama, watanicheka. Mwambie ni ya-yangu."

"Niachie mimi. Wewe tulia tu!"

Chiriku aliisimulia ofisini kwa mikono na macho, hadi mwalimu akavua miwani.

"Hii umeitunga mwenyewe?"

Jibu la kweli lilikuwa neno moja tu, hapana. Lakini mwalimu hakuwahi kumtazama kwa furaha namna ile, na Chiriku akaitikia kwa kichwa. Tusimsingizie shetani, hakuna aliyemshika kichwa akakitikisa.

Mwalimu alipotangaza kwamba hadithi ya Chiriku ndiyo itakayoigizwa, Mpole alisikia pamoja na darasa zima. Alimgeukia Chiriku, naye Chiriku akajitia hamnazo, akainama chini ya dawati kutafuta kalamu ambayo haikupotea.

Mazoezi yakaanza. Chiriku alipanga waigizaji, akatoa amri, kichwa kikamvimba. Mpole alipewa kazi ya kupaka rangi ngoma kubwa ya maboksi, akaipaka bila neno. Asubuhi waliendelea kufagia, kila mmoja upande wake, na hakuna aliyeimba. "Nitamwambia mwalimu kesho," Chiriku alijiambia kila siku. Kesho hiyo haikufika.

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa, watu wakapiga makofi hadi viganja vikawauma. Sifa zilipokuwa zikimiminika, mama yake Mpole, fundi cherehani aliyeshona mavazi ya waigizaji, alimsogelea Chiriku akamshika bega.

"Hongera, mwanangu. Nilidhani wimbo ule ni wa binti yangu, maana alikuwa akiuimba akiosha vyombo. Siku hizi haimbi kabisa. Nikimuuliza, analia tu. Wewe ni rafiki yake. Ana nini?"

Mwanamke yule alikuwa anauliza kwa wema tu, na wema wenyewe ndio uliomchoma Chiriku. Alikimbilia stoo, alikokuwa mwalimu akikunja mavazi, akamweleza yote huku akilia.

Mwalimu alikaa juu ya sanduku. Kisha akasema, "Kesho utayasema haya mbele ya shule nzima. Na mimi nitamwomba Mpole radhi. Niliuliza mara moja tu, kwa sababu jibu lako lilinifurahisha."

Kesho yake, kwenye gwaride la asubuhi, Chiriku alisema yote. Ikatangazwa kwamba mchezo utarudiwa katika shule jirani, na kwamba mtunzi wake, Mpole, ndiye atakayeuongoza. Chiriku angevuta pazia.

Baada ya gwaride alimngoja Mpole mlangoni. "Nisamehe, tafadhali."

Mpole aliyatoa maneno polepole, na safari hii kati ya waliokuwa wakipita hakuna aliyemcheka. "Nili-nilikupa maneno yangu kwa sa-sababu nilikuamini. Sasa nitayasema mwe-mwenyewe." Akapita. Siku ileile aliomba afagie na mtu mwingine.

Chiriku alirudi kwa mwalimu macho yamemwiva. "Nimesema kweli, Mwalimu. Mbona hanisamehe?"

"Kusema kweli ni wajibu wako, mwanangu. Kusamehe ni hiari yake," mwalimu alijibu. "Ungesema siku ile nilipokuuliza, mngekuwa mnacheka pamoja sasa. Ulingoja, na siku zote hizo mwenzako alikuwa anaumia. Ukweli usemwe mapema, kabla uongo haujamjeruhi mtu."

"Na asiponisamehe kamwe?"

"Hata hivyo utaendelea kusema kweli. Haya, nenda. Waigizaji wanakungoja."

Chiriku alijifuta uso kwa mkono wa sare. Ukumbini, Mpole alikuwa mbele akiwaelekeza wenzake, akikwama na kuendelea, nao wakimsikiliza. Chiriku alipita pembeni, akashika kamba ya pazia, na Mpole hakugeuka kumtazama.