Jina Langu Limekatwa kwa Kalamu Nyekundu

"Samahani, wewe ndiye Anthelme?" Mgeni alisimama mlangoni pa mgahawa wangu, karatasi mkononi. "Mbona hapa jina lako limekatwa?"

Nikaipokea. Mwandiko niliujua. Ni wa Faustine, mchumba wangu, anayetembeza wageni Lyon ya zamani. Kila mgeni humpa karatasi ya ushauri:

"Asubuhi panda kilima cha Fourvière kabla mawingu hayajashuka. Vaa viatu vya chini, mawe ya mtaa wa Saint-Jean hayana huruma. Kwenye vichochoro vya ndani nong'ona, watu wanaishi humo. Usile kwenye mgahawa uliobandika picha za chakula nje. Mchana kula kwa Anthelme, agiza quenelle, madonge ya samaki yenye mchuzi."

Mstari wa mwisho ulikuwa umepigwa kalamu nyekundu. Chini yake: "Kula kwa Duclaux."

Duclaux! Jirani yangu wa ng'ambo ya mtaa, hana mke, masharubu kayapaka mafuta. Wiki tatu wageni wananipungukia, nami nalaumu mvua. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Nikampigia Faustine. Hakupokea. Ujumbe ukaingia: "Niko na wageni. Tutaongea jioni."

Nikajibu: "Tutaongea sasa hivi. Na pete yangu uivue kabisa."

Nikatoka mbio na aproni yangu. Saa nne asubuhi Faustine huwa ndani ya kile kichochoro kirefu kinachopenya majumba ya Saint-Jean. Nikamkuta kwenye ua wa katikati, chini ya ngazi ya mawe, watalii kumi na wawili wamemzunguka.

"Una uhusiano na Duclaux?" nilinong'ona. Ndiyo, nilinong'ona. Humo hata hasira ina adabu, maana ukipiga kelele wenyeji wanafunga milango yao, na mji mzima unakulaumu wewe.

"Una wazimu? Wageni wanasikia."

"Wasikie! Umempa wateja wangu. Na jana nimekuona kwake, mmeinamiana kama njiwa."

"Nilikuwa namwomba kitu."

"Kitu gani?"

"Anthelme, ile Jumanne niliyokuja kula kwako, mchuzi wa quenelle uliutia chumvi mara ngapi?"

Nikajifuta mikono kwenye aproni.

"Mara tatu. Unaonja, unaongeza. Unaonja, unaongeza. Ndipo nikakuletea kahawa. Niliitia chumvi badala ya sukari. Ukainywa yote, ukasema tamu."

Tangu ile homa ya mwezi wa pili ulimi wangu haujui chumvi wala asali. Sikumwambia mtu. Mpishi asiyeonja ni mpishi gani? Na nani atakubali kuolewa naye?

"Kwa nini ulininyamazia?" nikauliza.

"Wewe je? Nilingoja useme. Hawa wageni wakila kibaya wanaandika kwenye simu kabla hawajafuta midomo. Nisingekubali wakuharibie jina. Nikamwomba Duclaux awapokee mpaka upone, na siri aitunze."

"Kwa hiyo yeye anajua?"

Dirisha la ghorofa ya pili likafunguka. Bibi Perrachon, ambaye kibao cha kuomba utulivu pale ukutani alikipigilia kwa mkono wake, akatoa kichwa.

"Ongezeni sauti basi, nusu siisikii! Nani asiyejua? Tangu mwezi wa pili mtaa mzima tunakula kwako Jumapili, halafu tunakesha tukinywa maji."

"Bibi, mbona hamkuniambia?"

"Tukuambie vipi, na ulivyo mkali? Mficha maradhi, kilio humfichua. Haya, mwombe radhi binti wa watu. Supu yangu inaungua."

Watalii wakapiga makofi kwa ncha za vidole, kimyakimya, kama walivyoagizwa kwenye karatasi.

Nami nikalia. Miezi miwili nilibeba mzigo ule peke yangu, na kumbe mtaa mzima ulikuwa umeushika upande wa pili. Moyo wangu ulikuwa mwepesi, jamani, acheni tu.

"Nisamehe, Faustine. Nimekutukana mbele ya watu."

"Umenitukana kwa kunong'ona. Afadhali."

"Utaolewa na mpishi asiyeonja?"

"Nitaolewa na mpishi. Kuonja nitaonja mimi. Na pete siivui ng'o."

Siku hiyohiyo akanipeleka kwa daktari, ambaye alisema ladha huenda ikarudi taratibu. Kesho yake, kabla sijafungua mgahawa, Faustine alisimama kando ya sufuria yangu, kijiko mkononi, kalamu nyekundu kaichomeka kwenye nywele. Akaonja. Akafumba macho.

"Chumvi?" nikauliza, maana safari hii niliitia mara moja tu.

"Haitoshi."

"Kweli?"

"Hiki chakula cha wagonjwa, Anthelme. Ongeza."

Nikamkumbatia na mwiko wangu mkononi. Tangu nizaliwe sijawahi kufurahi hivyo kuambiwa chakula changu hakina chumvi.