Mita Chini ya Maua

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ng'washi alifagia uwanja wa nyumba yao huko Igoma, na kila asubuhi ufagio wake ulikwama kwenye mita ya maji. Mita hiyo ilichomoza katikati ya uwanja, imeshika kutu, pamoja na koki yake. Siku nyingine hakuijali. Wiki hii ilimkera mno, kwa maana Jumamosi wageni kutoka Kisesa wangekuja kumposa dada yake, Justa.

Jumatatu jioni akachukua karai bovu ili aifunike. Kwa kuwa alikuwa mtoto wa kuchungulia kila kitu, akachungulia kwanza kwenye kioo cha mita. Ndani, kigurudumu chekundu kilikuwa kikizunguka taratibu. Makubwa! Akakimbia jikoni, bomba limefungwa. Akaenda bafuni, nako limefungwa. Sasa maji yanakwenda wapi?

Swali lilimwasha ulimini, lakini akalimeza. Akiuliza, baba angekuja kutazama, na akija angemkataza kuifunika mita. Akashusha karai, akapanga mawe, akamwaga udongo na kupandikiza maua ya bibi. Justa alipoona alimkumbatia. Mama naye akawaita majirani waje kutazama, na Ng'washi akavimba kichwa.

Jumatano, ukuta wa chumba cha bibi, uliojengwa kwa matofali ya tope, ulikutwa umelowa upande wa chini. Mama akamgeukia Malimi, mdogo wake Ng'washi.

"Wewe ndiye unayeogea hapa!"

"Si mimi, mama! Haki ya Mungu tena!"

Hakuna aliyemsikiliza. Alinyang'anywa mpira wake, akalia mpaka kwikwi. Ng'washi alimwonea huruma, lakini habari ya mita hakuitaja.

Ijumaa ukuta ukapasuka. Baba alipitisha kidole kwenye ufa, akatikisa kichwa, akamgeukia bibi. "Mama, hamisha vitu vyako. Ukuta huu unaweza kuanguka."

Bibi akaanza kukunja kanga zake. Chumba hicho alijengewa na marehemu babu. Ng'washi akashindwa kuvumilia.

"Baba, Malimi hana kosa. Mita ilikuwa inazunguka na mabomba yote yamefungwa. Niliona tangu Jumatatu, nikaifunika."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa ungenikataza kupanda maua."

Baba alimtazama, kisha akampa jembe. "Haya, fukua mwenyewe."

Ng'washi alifukua huku machozi yakimtoka. Karai lilipoinuliwa, kigurudumu kilikuwa kikizunguka mbio. Baba akafunga koki, nacho kikasimama palepale. Ng'washi akasahau kulia.

"Kumbe maji yanavuja baada ya kupita kwenye mita!"

"Umeona, eeh? Sasa tulifuate bomba."

Wakachimba hadi karibu na ukuta wa bibi, wakakuta kiungo cha bomba kimelegea na udongo umekuwa uji. Baba akaweka kiungo kipya, akauegemeza ukuta kwa magogo mpaka utakapokauka na kuzibwa. Mama akamrudishia Malimi mpira wake na kumwomba radhi. Ng'washi pia alimwomba.

Wageni walipofika Jumamosi, walikuta uwanja umechimbika. Juu ya mita palikuwa na tenga la dagaa lililofunikwa kifudifudi, limezungukwa na maua kwenye makopo. Lilikuwa wazo la Malimi.

"Hapo mmefuga kuku?" mgeni mmoja akauliza.

Watu wakaangua kicheko. Ng'washi akaona haya, lakini alikwenda akaliinua tenga kwa mkono mmoja. "Ni mita yetu, babu. Ukitaka kuitazama, unafunua tu."

Bibi akamvuta karibu yake. "Kupamba nyumba ni jambo jema, mjukuu wangu. Funika unachotaka, mradi kifunuke kwa urahisi. Lakini ukiona jambo la kushangaza, liulize siku hiyohiyo, hata kama jibu lake litakuharibia kazi yako. Leo nina chumba changu kwa sababu ulisema. Ungesema Jumatatu, Malimi asingelia."