Beseni la Maji Baridi

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ni mtu wa kuvua viatu nje ya mlango ili asimwamshe mtoto. Nalisema hilo mapema ujue ni mtu wa namna gani. Hana makuu, hanywi, na hadithi za mashetani hazipendi. Alichokiona alikiona kwenye kioo cha mashine yake ya kazi, nami nilikuwepo.

Mwaka ule mume wangu alikuwa kazini mbali, na shemeji alikuwa amefikia kwetu. Ofisi ya mazingira ilimpa kazi ya kurusha droni yenye kamera inayoona joto. Kilicho cha moto kinatokea cheupe, cha baridi kinatokea cheusi. Alinieleza nikikunja nepi: jua linachoma mabati na lami mchana kutwa, mvua ikinyesha maji yanapata moto hukohuko juu, yanateremka na mtaro mpaka mtoni yakiwa vuguvugu, na samaki wanakufa. Walitaka kujua joto linaingilia wapi.

"Wenzako wanatafuta wachumba, wewe unatafuta joto la mabati," nilimtania.

"Nani atanitaka, shemeji, na hii harufu ya mtaro?"

Ili picha zake ziungane vizuri, alihitaji alama za baridi ardhini. Basi aliweka mabeseni ya maji baridi kufuata mtaro. La kwanza kwenye mdomo wa kalvati, pale mtaro unapopita chini ya barabara, jingine nyuma ya shule, jingine kwa fundi seremala, na la mwisho uani kwetu. Hilo la kwetu nililijaza mwenyewe kwa maji ya mtungi, asihangaike. Kwenye kioo yalionekana kama vitone vyeusi vilivyofuatana, mithili ya nyayo za mtu anayerudi nyumbani.

Aliyekuwa akinishikia mtoto nikifua ni jirani yetu, Mama Pacha. Hakuwahi kungoja aombwe. Wote tulimwita hivyo ingawa alikuwa na binti mmoja tu. Pacha wa binti huyo alichukuliwa na maji ya mtaro akiwa mdogo, siku ya mvua, na hakupatikana. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumbadilishia mama yule jina.

Mvua ya kwanza ilipokatika, shemeji alirusha droni yake. Nilisimama naye uani, mtoto mgongoni. Kwenye kalvati palikuwa na vitone viwili.

"Umeongeza beseni?" aliniuliza.

"Mimi? Sijavuka hata geti."

Akaishusha droni, akaielekeza kamera kwa ubavu. Kitone cha pili kilikuwa na kichwa.

"Mbwa huyo," nilisema.

"Mbwa ana joto, shemeji. Kila chenye uhai kina joto."

Alikwenda kuangalia. Alikuta beseni tu.

Mvua iliyofuata kilikuwa nyuma ya shule. Iliyofuata hiyo kilikuwa kwa fundi seremala, kati ya mbao, na fundi mwenyewe akipiga randa pembeni yake, anang'aa mweupe kwa joto la kazi, haoni kitu. Kilikuwa kimemwelekea yeye? Hapana. Kilikuwa kimeelekea kwetu.

Nilimwomba shemeji ayaondoe mabeseni.

"Imebaki mvua moja," alisema. "Picha zikikamilika tu, nayaondoa yote." Hakunitazama usoni.

Siku ya mvua hiyo mtoto aliamka na homa. Kufika mchana paji lake lilikuwa kama sufuria iliyotoka jikoni, na macho yalikuwa yakipanda juu. Mvua ikashuka kwa kishindo. Mtaro ukafurika, njia ya hospitali ikawa mto. Mama Pacha alijifunika mfuko wa nailoni kichwani akatoka kutafuta mtu wa kutuvusha, yeye anayeogopa maji kuliko sisi sote. Shemeji alikuwa amekwama ng'ambo ya mtaro. Mvua ilipogeuka manyunyu, alirusha droni atutafutie mahali pa kupita.

Simu ikalia.

"Shemeji." Alikuwa ananong'ona. "Beseni la uani lipo?"

"Lipo."

"Limwage."

"Kuna nini?"

"Kimesimama ndani yake. Limwage!"

Nilichungulia dirishani. Manyunyu yalikuwa yakidondokea kwenye beseni, maji yakirukaruka. Isipokuwa mahali pawili. Pawili padogo, sambamba, pametulia tuli. Kama pamekanyagwa.

Nilitoka mbio, simu ikiwa bado sikioni. Sikufikiri. Nililishika beseni kwa ukingo nikalipindua. Mkono ulikufa ganzi mpaka kwenye kiwiko. Maji yakatambaa, yakapanda kizingiti, yakaingia ndani.

"Umemwagia wapi?"

"Mlangoni."

Niliisikia droni ikivuma juu ya paa letu. Kisha shemeji akasema, polepole sana:

"Uani hakipo tena."

Ndani, mtoto alikuwa amenyamaza.

Sijui nilifikaje kitandani. Alikuwa amelala chali, macho wazi. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa akitazama pembeni ya kitanda, mahali penye kimo cha mtoto wa shule, na alikuwa anacheka. Nilimgusa. Homa yote ilikuwa imekwisha. Paji lake lilikuwa la baridi kama ubavu wa mtungi.

Maji yalipopungua, shemeji na Mama Pacha walifika pamoja, wamelowa chapachapa. Shemeji alivua viatu mlangoni, hata siku hiyo. Akaweka droni sakafuni, mapangaboi yake yamezimwa, akaielekeza kamera kwa mtoto. Mwili wote uling'aa. Pajini palikuwa na kiganja cheusi. Kidogo. Vidole vitano.

Mama Pacha hakupiga kelele. Aliweka kidole juu ya kioo.

"Hiki cha mwisho kimepinda," alinong'ona. "Alizaliwa nacho hivyo." Kisha akaniomba, kama anayeomba chumvi, "Mama, naruhusiwa kumgusa?"

Nikampa mtoto. Akalaza shavu lake kwenye paji lile, akakaa hivyo muda mrefu.

"Alikuwa anapenda kulea watoto wa watu," alisema.

Mabeseni yaliondolewa jioni ileile. Siku hizi shemeji hutumia vibao vya bati badala ya maji. Mwanangu sasa anasoma, na homa haijamgusa tena. Wenzake wakiugua, yeye anacheza. Mvua ikinyesha hugeukia mlangoni na kutabasamu, nami humvuta kifuani. Kwa muda mrefu nilishukuru kimoyomoyo. Wema ni wema, nilijiambia, hata kama hujui umetoka wapi.

Lakini juzi shemeji alikuja kututembelea na droni yake, mtoto akaomba ajione kwenye kioo. Tuliangalia wote watatu. Mtoto akacheka. Shemeji akakizima kioo haraka, akatoka nje, akasahau viatu.

Kiganja bado kipo. Kidole cha mwisho bado kimepinda. Ila si kidogo tena. Kimekua, kama mtoto anavyokua, na ncha za vidole zimeshafika kwenye macho.